Jibu: Miaka minne nje ya maabara, naweza kurudi kwenye utafiti wa seli?

Mambo vipi mkuu. Nimekusoma: una digrii ya baiolojia, ukaishia duka la mzee Kariakoo miaka minne, sasa unaogopa kuomba masta ya seli na hadubini kisa hilo pengo.

Pengo lisikutishe. Mwanafizikia Eric Betzig aliacha maabara Marekani akaenda kufanya kazi kwenye kampuni ya baba yake, aliporudi yeye na rafiki yake Harald Hess wakaunda hadubini sebuleni kwa Hess, na 2014 akapata Nobeli ya kemia.

Ila kwanza angalia kama mkono wako bado unaikumbuka kazi ya maabara. Mimi nilikaa nje miaka mitatu, siku ya kwanza nikaweka lenzi ya kukuza mara 100 bila mafuta yake maalumu, seli zote ukungu mtupu, nusu saa nzima nazungusha skrubu tu. Omba kujitolea maabara yoyote, hata ya kusoma slaidi za malaria. Usiku shusha Fiji, programu ya kuchambua picha za hadubini, ni bure na kompyuta ya kawaida inaiweza, jifunze kuhesabu na kupima seli kwa picha za BioImage Archive, hifadhi ya picha za kibaiolojia mtandaoni.

Ukimwandikia profesa, mtumie na picha uliyoipima mwenyewe, sio CV peke yake. Mimi hiyo ndo ilinitoa.