Kabla Hujajenga Vyumba Lokichar

Mpwa wangu alinipigia simu juzi. Amesikia mafuta ya Turkana yamepata mwenyewe mpya, sasa anataka mkopo wa sako ajenge vyumba vya kupangisha Lokichar, mji ulio karibu na visima. "Mjomba, wewe ulitangulia huko. Nijenge ama nisijenge?" Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, maana najua hayuko peke yake.

Mimi nilijenga mwaka 2013. Machi ya mwaka uliotangulia Rais Kibaki alikuwa ametangaza kwamba Tullow Oil imepata mafuta katika kisima cha Ngamia 1. Nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kitale, na malori yalipita mlangoni kila siku yakielekea kaskazini. Nikakopa, nikajenga vyumba kumi na viwili, na mkandarasi mmoja akavikodi vyote ili awalaze wafanyakazi wake. Kwa mwaka mmoja na nusu kodi iliingia bila kukosa tarehe. Nikapiga hesabu za miaka ishirini.

Nilikosea kwa kuitazama kampuni kupitia kambi yake ya Lokichar tu. Sikujiuliza pesa za kuchimba zinatoka wapi. Tullow ilianzishwa Ireland mwaka 1985 na Aidan Heavey, mhasibu wa shirika la ndege, ikaanzia kwenye gesi ya Senegal. Ikagundua mafuta Uganda mwaka 2006, na mwaka uliofuata ikapata bahati kubwa zaidi baharini Ghana, kwenye eneo la Jubilee. Turkana tulikuwa tunachimbiwa kwa mapato ya Ghana na kwa mikopo. Kwa hiyo pipa lililouzwa zaidi ya dola 110 katikati ya 2014 liliposhuka chini ya dola 30 Januari 2016, mtetemo ulifika hadi kwenye vyumba vyangu. Kampuni ilikuwa na deni la takribani dola bilioni 4 mwisho wa 2015. Kazi zikapunguzwa. Mkandarasi wangu akaondoka na kodi ya miezi mitatu. Ankara zake ninazo mpaka leo. Nililipa mkopo kwa kuuza shamba la ekari mbili ambalo mahindi yake ndiyo yaliyokuwa karo ya watoto. Mke wangu hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo bado linaniuma.

Juni 2018 Rais Uhuru Kenyatta alipoyaaga malori ya kwanza ya mafuta yakielekea Mombasa, matumaini yalirudi. Baada ya wiki chache wenyeji wakafunga barabara kwa sababu ya ukosefu wa usalama, na nawaelewa: huwezi kulinda mafuta kuliko wachungaji. Meli ya kwanza, yenye mapipa yasiyopungua 200,000, iling'oa nanga Agosti 2019. Desemba tarehe 9 mwaka huo huo Tullow ikatangaza kwamba visima vya Ghana vitatoa kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Mkurugenzi mkuu na mkuu wa utafutaji mafuta wakajiuzulu, hisa zikaanguka zaidi ya asilimia 70 kwa siku moja. Mwaka uliofuata ikaiuzia Total sehemu yake ya Uganda kwa dola milioni 575, na mwaka 2025 ikakubali kuuza mali zake za Kenya kwa Gulf Energy kwa dola zisizopungua milioni 120.

Mpwa wangu, uliza kwanza mafuta yatapita wapi. Ya Lokichar yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo hata malori yale yalibeba matangi yanayohifadhi joto. Bomba la kwenda Lamu lililopangwa ni la zaidi ya kilomita 800, nalo lapaswa kupashwa moto. Halafu tazama Uganda: walipata mafuta 2006, uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ukatolewa Februari 2022. Miaka kumi na sita. Mkopo wa sako utakupa mingapi?

Ukiamua kujenga, jenga vyumba vinne kwa akiba yako, usiguse shamba. Usimpe mpangaji mmoja vyote, hata akija na gari jipya na barua yenye muhuri. Chukua amana ya miezi mitatu, na mkataba uandikwe jina la kampuni inayolipa, siyo la meneja aliyekuja kuviona vyumba.

Vyumba vyangu leo vimepangwa na walimu na wauguzi, na kimoja ni stoo ya mama anayeuza nafaka. Kodi ni karibu nusu ya ile ya 2013, lakini hajatokea hata mmoja aliyehama usiku. Nimeweka tangi la maji uani, na watu wa mtaa huja kuchota asubuhi. Njoo ulale huku wiki moja kabla hujatia sahihi yoyote. Chumba namba saba kiko wazi.