Shangazi, Mungu ananiita Juba ila mama kanuna

Mwalimu wa hesabu kutoka Tukuyu, miaka 29, kaniandikia barua ndefu kweli, naifupisha. Ameajiriwa na serikali huu mwaka wa nne, anasali Moravian, na tangu mkesha wa mwaka mpya anasikia anaitwa kwenda Sudan Kusini kufundisha mwaka mzima kwa kujitolea. Kuna kikundi kimemwahidi chakula na chumba nje kidogo ya Juba, mshahara hakuna. Mama yake kamwambia "nimeuza ndizi miaka yote nikusomeshe, leo ukafundishe watoto wa watu bure?" na tangu siku hiyo hawaongei vizuri. Anauliza aache kazi aende, au akibaki anamkosea Mungu.

Mwanangu, wito wako siucheki hata kidogo. Nyie wenyewe huko Rungwe Injili mliletewa na watu waliotoka kwao mbali mwaka 1891, na wala sio wazungu tu wanaoitwa, Apolo Kivebulaya, mhubiri Mwafrika wa Kianglikana, alitoka Buganda akaingia Boga kule Kongo mwaka 1896, akapigwa, akafungwa, akarudi tena hukohuko na kaburi lake liko huko mpaka leo. Kwa hiyo anayekwambia umisionari ni kazi ya wazungu mwache tu.

Ila kuna kitu umekipitia mbiombio, mstari mmoja tu kwenye kurasa nne, kwamba kila mwezi unamtumia mama laki na nusu na mdogo wako yuko chuo mwaka wa pili kwa hela yako. Sasa ukishaenda hiyo hela inatoka wapi? Hujasema. Fungua Marko 7 usome taratibu, Yesu anawasema wale waliokuwa wanawaambia wazazi wao kile ambacho ningekusaidia nacho nimeshamtolea Mungu, wakakiita korbani, na hakuwapongeza. Mimi naona mama hajaikataa Juba, mama anaogopa korbani, na ningekuwa mimi ningenuna zaidi yake.

Kuacha kazi usithubutu jamani, ajira ya ualimu watu wanaisotea miaka na vyeti viko kabatini. Kuna likizo bila malipo, andika barua kwa mwajiri kupitia kwa mkuu wako wa shule, omba na kibali cha kusafiri nje, halafu usubiri jibu la maandishi. Usije ukaondoka kimyakimya eti Bwana atafungua njia, siku tano tu bila ruhusa tayari ni utoro kazini na unaweza kufukuzwa. Na deni la Bodi ya Mikopo lenyewe haliendagi likizo.

Hicho kikundi sasa ndio sikielewi kabisa. Ukiugua malaria nani analipa? Hali ikichafuka nani anakurudisha, maana ile nchi imepata uhuru 2011 na Desemba 2013 tayari wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Ujanani nilienda kijiji fulani cha mbali kufundisha na watu wa namna hiyo, wiki ya pili nikaanguka malaria, aliyenipeleka nikampigia simu hapokei, nikaokolewa na mama mmoja muuza maandazi. Waulize kwa maandishi, wakikujibu tunamwachia Mungu basi hao sio wa kusafiri nao.

Halafu lugha. Darasani wanatumia Kiingereza lakini Juba mtaani ni Kiarabu cha Juba, bahati yako kuna wenyeji waliokulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma kule Kenya, Kiswahili wanakijua. Hata hivyo hesabu kwa lugha ya kubahatisha ni mateso, kwako na kwa mtoto.

Ningekuwa wewe ningesogeza safari mpaka mdogo wako amalize chuo, na huku nyuma mchungaji na wazee wa kanisa waujaribu huo wito pamoja na wewe, maana hata Barnaba na Sauli kule Antiokia waliwekewa mikono na kanisa ndio wakaondoka, hawakujituma. Chanjo ya homa ya manjano ichome mapema, ile kadi wanaidai. Na Jumapili hii usimpigie mama simu, nenda nyumbani, pika naye, na Juba usiitaje mpaka mmalize kula.