Alijidai, alijifanya au alijihesabu kuwa Mweusi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Natayarisha makala ya redio kuhusu Rachel Dolezal, yule mwanamke wa mji wa Spokane nchini Marekani ambaye mwaka 2015 alizusha mjadala mkubwa juu ya rangi yake. Katika rasimu niliandika kwamba "alijidai kuwa mweusi". Mhariri wangu alifuta, akaandika "alijitambulisha kama mweusi". Mwenzetu mwingine anashikilia kwamba tuseme wazi kuwa "alijifanya mweusi ilhali ni mweupe". Ipi kati ya hizi ndiyo sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Kisarufi hakuna iliyovunjika kati ya hizo tatu, lakini kila moja inampa msikilizaji hukumu tofauti kabla hajasikia ushahidi. Kwa hiyo sitaweza kukujibu bila kwanza kukumbusha nani alisema nini katika mkasa huo, na kwa utaratibu gani.

Dolezal alikuwa mwenyekiti wa tawi la Spokane la NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani Weusi. Mwanzoni mwa Juni 2015, Jeff Humphrey, mwandishi wa kituo cha televisheni cha KXLY, alimwonyesha picha ya mwanamume Mweusi ambaye Dolezal alikuwa amemtaja hadharani kuwa baba yake, kisha akamwuliza kama yeye ni Mmarekani mwenye asili ya Afrika. Dolezal alijibu kwamba hakulielewa swali, akaondoka mbele ya kamera. Siku hizohizo wazazi wake waliomzaa, ambao ni Wazungu, walijitokeza na picha za utotoni mwake pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Tarehe 15 Juni alijiuzulu uenyekiti, na kesho yake akasema katika mahojiano ya televisheni kwamba anajihesabu kuwa Mweusi. Novemba mwaka huohuo alikiri kwamba amezaliwa na wazazi Wazungu, ila hakuliacha dai lake.

Tuanze na neno lako. Wengi hudhani kwamba "kujidai" ni "kudai" kulikoongezwa kiambishi cha kujirejea, yaani mtu kudai jambo juu yake mwenyewe. Sivyo linavyotumika. Mtu anayejidai, kwa masikio ya Mswahili, anajigamba au anajifanya asichokuwa, na ndiyo maana mama humwambia mwanawe "acha kujidai" bila kuwa na dai lolote mbele yake. Ukiandika "alijidai kuwa mweusi" umekwisha kumhukumu, hata kama nia yako ilikuwa kuripoti tu. "Alidai kuwa Mweusi" ni afadhali, kwa kuwa inaliacha dai mikononi mwa mdai, ingawa waandishi wa habari wamelitumia mno neno hilo kwa washtakiwa mahakamani hata sasa linanuka shaka.

"Kujifanya" ni kali zaidi, kwa sababu linaingia moyoni mwa mtu na kusema kwamba alijua ukweli akauficha kwa makusudi. Kuna mahali linapostahili. Septemba 2020 Jessica Krug, aliyekuwa akifundisha historia ya Afrika katika Chuo Kikuu cha George Washington, aliandika na kuchapisha mwenyewe ungamo kwamba yeye ni mtoto wa familia ya Kiyahudi ya Kizungu, na kwamba kwa miaka mingi alikuwa amejivika asili za Kiafrika asizokuwa nazo. Kwake, "alijifanya" ni neno la haki, maana limetoka kinywani mwake kabla ya kutoka kalamuni mwetu. Dolezal hakuungama hivyo. Alikubali jambo moja, wazazi aliozaliwa nao, akakataa jingine, kwamba hilo ndilo linaloamua yeye ni nani. Unaweza kuona dai lake ni batili, nami sifichi kwamba sikuliona kuwa na uzito, lakini kitenzi cha mwandishi hakiwezi kumkirisha mtu kosa ambalo hajalikiri.

Mhariri wako amekaribia zaidi, lakini amekosea mara mbili. "Kama" alilolitumia ni la kufananisha. Anayejitambulisha kama mgeni huenda ni mgeni, huenda anafanana naye tu, na katika habari hii utata huo ndio wa kuepukwa kuliko wote, kwa hiyo sema "kuwa". La pili ni kitenzi chenyewe. "Kujitambulisha" ni tendo la mbele ya watu: mtu anaingia ofisini, anataja jina na cheo chake. Linafaa kwa miaka ya kabla ya Juni 2015, pale Dolezal alipokuwa akijieleza kwa wenzake na kwa waandishi. Halifai kutafsiria alichosema tarehe 16 Juni, ambapo hakuwa akitaja jina lake kwa yeyote bali alikuwa akieleza anajiweka kundi gani. Kwa maana hiyo tunalo neno zuri tulilolizoea, nalo ni "kujihesabu": anajihesabu kuwa Mweusi, anajihesabu miongoni mwa Weusi. Neno hilo linamwachia mwenye kauli hesabu yake, na halimlazimishi msikilizaji kuikubali.

Sasa tuje kwa mwenzenu na "mweupe" wake, ambalo nadhani ndilo hatari kubwa kuliko yote kwa redio ya Tanzania. Huku kwetu mwanamke mweupe ni Mwafrika mwenye ngozi ya maji ya kunde inayoelekea weupe, yule anayesifiwa harusini. Msikilizaji wa Morogoro akisikia kwamba mwanamke fulani alijifanya mweusi ilhali ni mweupe, atajiuliza kuna kosa gani hapo. Sema "Mzungu". Vivyo hivyo, "mweusi" peke yake husikika kama sifa ya ngozi, kwa hiyo taja "Mmarekani Mweusi", na katika maandishi uanze kwa herufi kubwa kama unavyofanya kwa Mzungu na Mwafrika.

Hapo ndipo penye kiini cha mkasa wenyewe. Mwandishi alimwuliza Dolezal juu ya asili, naye siku chache baadaye akajibu kwa jina la rangi. Asili ni pale mtu anapotoka: wazazi, mababu, nchi. Rangi inaweza kuwa ngozi, na tena inaweza kuwa kundi la watu lililofungwa pamoja na historia ya utumwa na ubaguzi. Ukitafsiri swali na jibu kwa neno moja la "mweusi", umefuta tofauti ambayo mabishano yote yaliisimamia, na wasikilizaji wako hawatajua kwa nini watu walikasirika.

Ulipofikia ushahidi katika rasimu yako uliandika "inadaiwa kuwa wazazi wake ni Wazungu". Iondoe. "Inadaiwa" haina msemaji, na hapa wasemaji wako wazi. Andika "wazazi wake walieleza", "cheti cha kuzaliwa kinaonyesha", na baada ya Novemba, "mwenyewe alikiri". Pia usiseme kwamba picha ile ya mwanamume Mweusi "ilithibitisha" chochote. Picha huonyesha sura, na ubaba ulitoka katika maelezo aliyoyatoa Dolezal juu ya picha hiyo.

Ukitaka kitenzi cha dai la ukoo hasa, kipo "kujinasibisha", kutoka nasaba, ambacho pwani yetu imekitumia tangu zamani kwa wanaojinasibisha na Shiraz au na masharifu. Kingemfaa mwanamuziki Buffy Sainte-Marie, aliyejinasibisha kwa miongo mingi na Wacree, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Kanada, hadi Oktoba 2023 shirika la utangazaji la Kanada, CBC, lilipotoa cheti kinachoonyesha kwamba alizaliwa mwaka 1941 huko Stoneham, Massachusetts, kwa wazazi Wazungu. Yeye alijibu kwamba hajui asili yake ya kuzaliwa, na familia ya Piapot ya Wacree, iliyomchukua kuwa mtoto wao akiwa mtu mzima, ilisimama naye. Ukiifikia habari hiyo, kuwa mwangalifu na neno "kuasili". Katika sheria zetu kumwasili mtoto ni kumfanya wako asiyezaliwa nawe, na sentensi kama "asili yake ni Cree kwa kuwa aliasiliwa" ingechanganya mambo mawili, asili ya kuzaliwa na kuasiliwa, ambayo CBC na familia ile walikuwa wakibishania. Kwa Dolezal pia utalihitaji, maana wazazi wake waliasili watoto wanne Weusi, na wasikilizaji wasipolielewa wataona kwamba Rachel ndiye aliyeasiliwa.