Meza ya Fundi: Garratt ya vitofali, konrodi zinazokwama na treni ya mchongoko

Barua za mwezi huu karibu zote ni za treni za vitofali, sijui mmeambizana. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana ina kazi, hizo nyingine tutapita nazo haraka.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa Changamwe, babu yangu marehemu alikuwa fayamani (mchochea moto wa injini) enzi za East African Railways. Nimepania kuunda ile injini ya stimu ya Garratt ya klasi 59, Mount Gelai, ile iliyopo makumbusho ya reli Nairobi, niiunde kwa Lego, itembee kwa mota, konrodi (zile fito zinazounganisha magurudumu) zizunguke na kila kitu. Nishapakua programu ya Studio nikachora boila na imetoka bomba kweli, ila nikishuka chini kwenye magurudumu naona giza. Reli nilizonazo ni zile za kawaida za kwenye boksi. Nianzie wapi na mota nizifiche wapi? – *Mjukuu wa Fayamani*

JIBU: Marahaba kijana wangu, Mungu amrehemu babu. Hiyo boila iweke kando, usiifute lakini usiiangalie tena mpaka chini kutembee. Watu wengi huanza na boila kwa sababu ndiyo inapendeza kwenye picha, afu wanakuja kuona hakuna pa kupitisha gia wala waya na kazi yote inabomolewa. Kichwa cha stimu cha vitofali kinaamuliwa na gurudumu, basi.

Lego wana gurudumu kubwa la stimu, lile lililokuja na seti ya Emerald Night mwaka 2009, kipenyo chake ni kama milimita 30. Gurudumu la kuvutia la klasi 59 ni futi 4 na inchi 6, yaani milimita 1372. Gawanya hapo unapata kama 46, skeli yako ndiyo hiyo, moja kwa 46, huna haja ya kubishana na mtu. Injini yenyewe ina mita 31.7 hivi kutoka ncha hadi ncha, ukigawa kwa 46 ni sentimita 69, na kwa kuwa kinundu cha Lego hadi kinundu ni milimita 8 hapo tunaongelea vinundu 86. Pima meza yako kabla hujafurahi.

Kuna jambo watu watakusumbua nalo. Reli ya Mombasa-Nairobi ya zamani ni ya mita moja, kwa skeli yako ingetakiwa iwe milimita 22 tu, sasa reli ya Lego ina karibu 38 katikati, kwa hiyo Mount Gelai yako itaonekana imetanua miguu. Achana nalo. Ukitaka kuirekebisha hiyo itabidi injini ifike zaidi ya mita moja na hakuna kona ya Lego itakayoipokea.

Kwa wasomaji wasioijua, klasi 59 zilikuwa injini 34, zikatengenezwa na Beyer, Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki (Gelai wenyewe uko Tanzania, karibu na Ziwa Natron). Uzito tani 252 hivi, na hakuna injini ya stimu ya reli ya mita moja iliyozishinda kwa ukubwa. Kilichofanya ziwezekane ni ule mtindo wa Garratt. Ni kama injini mbili zinazopeana mgongo, kila moja na magurudumu yake na tangi lake juu, la mbele la maji na la nyuma la mafuta na maji, halafu katikati boila imelala kwenye fremu yake iliyoegemea kingpini mbili, yaani pini za kugeukia. Injini ndefu namna ile inapinda kona kwa sababu kila upande unajigeukia wenyewe.

Na hapo ndipo bahati yako ilipo, maana tatizo walilokuwa nalo wahandisi wa reli ndilo tatizo lako wewe mezani. Ungechagua kichwa kirefu cha fremu moja ungelia. Garratt imekupa mambo matatu bure. Boila haina magurudumu chini yake, kwa hiyo tumbo lote ni nafasi ya habu ya betri, kile kisanduku kinachozilisha na kuziamrisha mota. Matangi yanageuka pamoja na magurudumu, kwa hiyo mota ya L inalala ndani ya tangi juu ya ekseli zake na hakuna gia yoyote inayovuka kingpini, zinavuka waya tu. Tatu ni uzito, ukiiweka habu katikati ya boila mzigo wake unagawanyika sawa kwenye kingpini zote mbili na kukandamiza magurudumu ya mbele na ya nyuma, na bila mgandamizo plastiki inateleza tu juu ya reli.

Sasa kona. Kila upande una ekseli nne za kuvuta na kwa magurudumu hayo zipange kila baada ya vinundu 5, ukizipanga kwa 4 kingo (ule mdomo unaoshikilia gurudumu kwenye reli) zinakaribia kusuguana, kwa hiyo usishangae injini ikirefuka kidogo kuliko hesabu. Kutoka ekseli ya kwanza hadi ya nne ni vinundu 15. Ya kwanza na ya nne zifunge magurudumu yenye ukingo, mbili za kati zifunge yale yasiyo na ukingo, yapo, Emerald Night ilikuja nayo. Kona ya boksi ina nusu kipenyo cha vinundu 40, na nimekupigia hesabu, kwenye kona hiyo magurudumu ya kati yanahama milimita 5 kutoka pale yalipokuwa kwenye reli iliyonyooka. Milimita 5 ni nyingi, gurudumu lenyewe ni jembamba, kidogo tu linadondoka ndani ya reli na kukwama. Ukienda kwenye kona pana za vinundu 104, zinauzwa na watengenezaji wengine siyo Lego, uhamaji unashuka hadi milimita 2 hivi na hapo injini inapita kwa raha zake. Na siyo magurudumu tu. Tuseme kingpini zako zimeachana vinundu 40, kwenye kona ya boksi tumbo la boila litaingia ndani ya kona kwa vinundu 5 vizima, litaparamia stesheni, miti, na kikombe chako cha chai. Kwenye kona ya 104 haifiki vinundu 2. Mimi ningekushauri hela ya kwanza kabisa uitumie kwenye kona pana, kabla hata ya mota.

Mota sasa. Treni ikitembea kilomita 60 kwa saa, kwa skeli yako ni sentimita 36 kwa sekunde, gurudumu linazunguka kama mara 230 kwa dakika. Mota ya L ya Powered Up, mfumo wa mota wa Lego uliofuata Power Functions, ukiifunga moja kwa moja kupitia krauni (gia inayogeuza mzunguko kwa pembe mraba), bila kupunguza wala kuongeza, inacheza humohumo, kwa hiyo usijitie kwenye magia mengi, kila gia unayoongeza inakula nguvu. Funga mota moja kila upande na zungusha ekseli moja tu, zile tatu zivutwe na konrodi kama ilivyokuwa kwenye injini halisi.

Pande mbili zimepeana mgongo, si ndiyo? Basi ukiziunda sawasawa pacha, mota zikizunguka upande mmoja, upande wa mbele utavuta kwenda Nairobi na wa nyuma utavuta kwenda Mombasa. Dawa ni rahisi, kwenye upande mmoja hamishia krauni upande wa pili wa ekseli, mwelekeo unageuka. Afu kuna hii ya rimoti: habu ndogo ina matundu mawili na rimoti ina pande mbili, kila upande unaendesha tundu lake, kwa hiyo utakuwa unabonyeza kwa mikono miwili na mota moja itachelewa kuliko nyingine. Plagi za Powered Up hazipandani kama zile za Power Functions za zamani, huwezi kuunganisha mota mbili tundu moja. Wengi siku hizi wanaingiza Pybricks kwenye habu, ni programu unayoiweka kupitia browsa ya kompyuta, unaandika mistari michache tu kwamba kitufe kimoja kiendeshe mota zote mbili, na mwelekeo wa mota unaweza kuugeuza humohumo bila kugusa krauni. Kuandika kwa maneno ni bure.

Usihofie mota mbili kutokwenda sawa kabisa. Hata Garratt halisi injini zake mbili hazikuwa zimefungwa pamoja, mlio wa moshi ulikuwa unaachana na kukutana tena njiani, waliowahi kukaa karibu na reli wanaujua.

Mawili ya mwisho. Waya ziache zilegee pale zinapovuka kingpini, waya iliyokazwa ni ngumu na itasukuma magurudumu nje ya reli kwenye kila kona, utadhani kosa ni la reli. Na kitufe cha habu kitakuwa kimezikwa ndani ya boila, kwa hiyo lile kuba la stimu juu yake lifanye liwe linashuka kidogo, chini yake weka ekseli fupi inayogusa kitufe. Unabonyeza kuba, injini inawaka. Betri ni 6 za AAA, na hizo lazima uzitoe siku moja, usije ukajenga boila ambayo haifunguki.

Sasa nenda karudie boila yako. Ukipata nafasi panda Nairobi na futi ya kupimia, Mount Gelai imesimama pale makumbusho, na Mount Shengena iko hapohapo, pima mwenyewe kuliko kuamini michoro.

SWALI: Habari za kazi Fundi. Nimeunda kichwa cha stimu cha ekseli tatu. Bila konrodi kinateleza vizuri kabisa, nikifunga konrodi kinakwama kila mzunguko mahali palepale. Nimepaka mafuta ya cherehani bado. Mchawi nani? – *Msomaji wa Moshi*

JIBU: Njema ndugu yangu. Kwanza hayo mafuta yaoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, yanashika vumbi na mafuta mengine yanaila plastiki. Mchawi wako karibu hakika ni pini. Angalia upande wa kushoto, pini za magurudumu yote matatu zikiwa juu kabisa, za upande wa kulia ziko wapi? Kama nazo ziko juu, umempata. Kila mzunguko kuna mahali konrodi inanyooka na haina nguvu ya kusukuma, pande zote zikifika hapo kwa pamoja magurudumu hayajui yaende mbele au yarudi nyuma. Pande hizo zinatakiwa zipishane robo mzunguko, kushoto pini juu, kulia pini mbele. Kwa Lego ni kazi ndogo sana maana tundu la gurudumu ni msalaba, chomoa gurudumu, geuza mara moja, rudisha, robo imepatikana. Fanya hivyo kwa magurudumu yote ya upande mmoja, ukisahau hata moja halitazunguka kabisa.

Kama tayari yamepishana na bado yanakwama, angalia rangi ya pini. Zile nyeusi zina vimeno vya kubana, zimetengenezwa zisizunguke. Weka za kijivu au za rangi ya mchanga, zile zinazunguka huru. Nimeona watu wanabadilisha mota mbili tatu kumbe ni pini nyeusi.

SWALI: Fundi, mwanangu ana miaka 9, tulipanda naye SGR ya umeme kutoka Dar na tangu siku hiyo hataki kusikia kitu kingine, anataka treni ya mchongoko ya Lego inayotembea. Mimi sijui hata pa kuanzia. – *Mama wa Dodoma*

JIBU: Dada, wewe una kazi nyepesi kuliko wote humu. Treni ya umeme haina konrodi, haina boila, kwa hiyo chukua mota ya treni ya Powered Up, ile ni bogi zima na magurudumu yake manne, unaikandamiza chini ya behewa la kwanza, habu unaiweka juu yake, rimoti mkononi, na jioni hiyohiyo inatembea. Kazi iko kwenye huo mchongoko. Mwachie mtoto apange mwenyewe vile vitofali vya mteremko, atabomoa na kupanga tena, hapo ndipo anajifunza. Mabehewa yasizidi matatu mwanzoni. Ukitumia betri za kuchaji zitakuokolea hela, ila jua kila moja ni volti 1.2, kwa hiyo 6 zinatoa 7.2 badala ya 9 na treni itapungua mwendo kidogo. Kwa mtoto wa miaka 9 na meza yenye ukingo, hiyo ni heri.

SWALI: Nimenunua mtandaoni vitofali vya mtumba vya rangi ya maruni kwa ajili ya injini ya reli ya zamani, vingine vinavunjika nikivibana tu. Nimeuziwa feki? – *Mteja, Nairobi*

JIBU: Si lazima, bosi. Maruni ya Lego, na ile hudhurungi nyekundu, kuna miaka plastiki yake ilitoka dhaifu, inapasuka hasa kwenye vishikio na vipande vyembamba, hata kama ni halali kabisa na havijawahi kutumika. Kabla hujajenga jaribu kila kipande, kibane na kukibandua mara mbili, kinachotaka kuvunjika kivunjike mezani. Vilivyopona tumia kwa ukuta wa tangi na paa la kebini, sehemu ambazo hazivutwi. Chini, kwenye kingpini, ekseli na chochote kinachobeba mzigo, weka nyeusi, na bahati nzuri chini kule palikuwa peusi tangu zamani.