Anti, ramani inaniangusha kila mtihani

SWALI: Shikamoo Anti. Nasoma kidato cha tatu, naishi Mabatini hapa Mwanza. Jiografia naipenda ila kila mtihani naambulia D. Nakesha nakariri daftari lote lakini ikija ramani, au yale maswali ya longitudo na saa, nachanganyikiwa kabisa. Kaka yangu anasema nisijisumbue, eti Jiografia ni ya kukariri tu na mtaani haina kazi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako mwambie kakosea, maana wapima ardhi, watu wa mipango miji na wale wa hali ya hewa wote wanakula kwa somo hilo hilo. Ila leo tuongelee hiyo D. Inakuja kwa sababu unakariri, mtihani unakuletea ramani ya sehemu ambayo hujawahi kuiona sasa hapo utakuwa umekariri nini?

We unakaa Mabatini bwana, yani kila siku unapanda kontua (ile mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo sawa) kwa miguu! Pale unapopanda huku unahema, kwenye ramani mistari imebanana, na kule chini karibu na mto Mirongo kwenye tambarare mistari inaachana. Jaribu kuchora njia yako ya kutoka nyumbani mpaka shule kwa mistari hiyo, ukikosea futa uchore tena. Na skeli ya 1:50,000 isikutishe, sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini, kwa hiyo barabara ikiwa na makona chukua uzi ulaze juu yake taratibu, upime kwa rula, gawa kwa 2, basi.

Sasa longitudo, ile mistari ya kutoka kaskazini kwenda kusini, na hapa ndo napenda sana. Dunia inazunguka nyuzi (digrii) 15 kwa saa moja, yani kila digrii moja ni dakika 4. Saa yetu ya Tanzania inafuata nyuzi 45 mashariki, wakati nchi yenyewe haifiki hata huko. Mwanza tuko karibu na nyuzi 33. Toa 33 kwenye 45 unapata 12, zidisha kwa 4, dakika 48. Kwa hiyo sisi jua linafika juu kabisa kwenye kama saa saba kasoro, sio saa sita kamili. Usiniamini mimi, simika kijiti uani Jumamosi, weka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi uone kinakuwa kifupi kabisa saa ngapi (itacheza dakika kadhaa kulingana na mwezi). Dar wako kwenye nyuzi 39, wao wanatutangulia dakika 24, ndo maana ukimpigia shangazi wa Dar jioni anakwambia giza limeshaingia na we bado unaanua nguo juani.

Upepo nao vilevile. Nenda Mwaloni Kirumba uwaulize wavuvi wa dagaa usiku upepo unatoka wapi, watakwambia unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka, kwa sababu ardhi inawahi kupata moto na inawahi kupoa kuliko maji. Ukishaelewa hivyo kwa Kiswahili, ndo urudi kwenye daftari lako la Kiingereza utafute maneno ya kujibia. Wengi wenu mnakariri Kiingereza cha kitu ambacho hata kwa Kiswahili hamjakielewa, na hilo linaniuma kweli.

SWALI: Anti tumebishana darasani, Ziwa Victoria ni la bonde la ufa au sio? Wengi wanasema ndio. Nipo Nyegezi.

JIBU: Sio. Ziwa la bonde la ufa liangalie Tanganyika, jembamba, refu, na kina kinafika kama mita 1,470. Letu limetanuka kilomita za mraba kama 68,800 lakini kina hakizidi sana mita 80, ni kama sinia. Lipo katikati ya mikono miwili ya bonde la ufa, wa mashariki na wa magharibi. Ardhi ya pembeni iliponyanyuka hapa katikati pakabonyea, mito iliyokuwa inaelekea magharibi ikazibiwa njia, maji yakajaa mpaka yakapata pa kutokea kaskazini, pale Jinja Uganda, ndo Nile hiyo. Walioshinda ubishi ni wale wachache.