Kabla hujaandika "anadhalilishwa", hesabu mikono

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa picha na filamu huku Iringa na Mbeya, kamwene. Kila mwaka kuna wanafunzi wawili watatu wananiomba niwapitie mapendekezo yao ya utafiti, na karibu yote yana sentensi ileile ukurasa wa kwanza: "Wanawake wanadhalilishwa katika filamu zetu." Sisemi ni uongo. Nasema umeshajibu swali kabla hujalipa nauli ya kwenda kukusanya data.

Najua kwa sababu nami nilifanya hivyohivyo. Tasnifu yangu ilihusu dada wa kazi katika filamu na vichekesho vya Bongo: yule binti "katoka Iringa", kajifunga khanga juu ya gauni, anaongea kwa kuvuta maneno, anaiba sukari au anamwibia mama mwenye nyumba mume. Mnamjua. Nilijaza fleshi mbili kwenye kibanda kimoja pale Mwanjelwa, nikarudi Iringa, nikajifungia chumbani Kihesa mwezi wa saba, blanketi mabegani, nikaanza kuhesabu kila sini ambayo binti "ameonyeshwa kama mnyonge".

Wiki mbili baadaye nikampa mwanafunzi mwenzangu, binti wa Mafinga, sini zilezile azihesabu bila kuona majibu yangu. Moja siisahau: binti kapiga magoti sebuleni, anamnawisha mgeni mikono. Mimi niliandika "mnyonge". Yeye aliandika "ana adabu". Akaniuliza, "Kwani kaka, kwenu mgeni ananawishwa na mtu aliyesimama?" Sikuwa na jibu. Huo unyonge haukuwa kwenye skrini, nilikuwa nimekuja nao mwenyewe.

Tukafuta safu nzima ya "mnyonge" kwenye karatasi ya kuhesabia. Tukaweka vitu ambavyo unaweza kusimamisha filamu ukavionyesha kwa kidole: nani amekaa na nani amesimama, mikono inashika nini, nani anaingia chumbani bila kubisha hodi, nani anaitwa kwa jina. Hiyo ya mikono niliichukua kwa Erving Goffman, mwanasosholojia aliyechambua picha za matangazo ya biashara miaka ya 1970. Aliona kwamba mkono wa mwanamume unakamata kitu ili ukitumie, ila wa mwanamke unakigusa tu, unakipapasa, kana kwamba kitavunjika. Sasa mtazame dada wa kazi. Mikono yake inakamata kutwa nzima: sufuria, fagio, ndoo, mtoto. Mikono ya kupapasa ni ya mama mwenye nyumba, kwenye simu na kwenye mkufu. Yaani kile alichokiona Goffman kati ya mwanamume na mwanamke, mimi nilikikuta kati ya mwanamke na mwanamke, sebule moja. Ningeendelea kuhesabu unyonge nisingekiona kamwe.

Kwa mnaofanya magazeti na mabango, chukueni rula. Kuna kipimo cha watafiti Dane Archer na wenzake, 1983, cha kuona uso umepewa nafasi kiasi gani kwenye picha, chepesi mno: pima kutoka utosini hadi kidevuni, kisha utosini hadi sehemu ya chini kabisa ya mwili inayoonekana, gawanya cha kwanza kwa cha pili. Waziri ambaye kichwa chake ni sentimita 3 katika picha yenye sentimita 4 za mwili anapata 0.75. Mama muuza nyanya ambaye kichwa ni sentimita 2 na mwili wote ni 8 anapata 0.25. Wao waligundua wanaume huwa wanapewa uso na wanawake wanapewa mwili. Msikimbilie kusema na kwetu ni hivyo. Pimeni, tena mlinganishe waziri mwanamke na muuza nyanya mwanamume, maana huenda kinachopewa uso ni cheo.

Halafu hili la kukubaliana. Msimamizi atakuuliza wahesabuji wako wawili wamekubaliana kwa kiasi gani, utajibu kwa furaha, "Mara 82 katika 100." Subiri. Kama kila mmoja wenu anajibu "haitwi kwa jina" mara 90 katika 100, basi hata mngejibu mmefumba macho mngekubaliana mara 82: 0.9 mara 0.9, ongeza 0.1 mara 0.1. Kwa hiyo hamjakubaliana chochote zaidi ya bahati. Ndiyo maana kuna kipimo cha makubaliano kinachoitwa kappa ya Cohen, cha tangu 1960, kinachoondoa hiyo bahati. Kwa hesabu hiyo kappa yenu ni sifuri. Mimi kappa yangu ya kwanza niliificha kwenye droo.

Neno "Iringa" lenyewe lilinipa taabu. Njombe ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa mpaka 2012, kwa hiyo filamu ya kabla ya hapo ikisema binti katoka Iringa, anaweza kuwa Mhehe, Mbena au Mkinga wa Makete, na mwigizaji wa Dar anawapa wote lafudhi moja aliyoipata sijui wapi. Andika mwaka wa kila filamu. Hali ni hiyohiyo kwa "wa Mbeya" kabla Songwe haijawa mkoa 2016.

Ukipata muda, pitia na picha za kale. Chuo Kikuu cha Frankfurt kina hazina ya picha za kikoloni inayofunguka kwenye intaneti. Pia kuna kazi ya Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani aliyewapiga picha na kuwapima watu wa ukanda wa Nyasa na Ruvuma, kitabu kikatoka 1906. Mtu amesimamishwa mbele, kisha ubavu, kama ng'ombe wa mnadani. Ofisa Mjerumani ana jina na cheo, na chini ya picha ya huyo aliyepimwa mara nyingi limeandikwa kabila tu. Niliporudi kwenye filamu zangu nikiwa nimetoka kutazama hizo, safu ya "anaitwa kwa jina" ilinisumbua usingizi.

Mambo ya barua za kibali cha utafiti nayasema kwa haraka: barua ya chuo, ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, kata. Beba nakala nyingi. Na usibandike kwenye tasnifu sura ya binti uliyemchota kwenye video ya mtandaoni ati kwa sababu video iko wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na hata isingekuwepo, huyo ni mtoto wa watu.

Kosa langu kubwa lilikuwa mwishoni. Nilitaka kuwaonyesha filamu wadada wa kazi wenyewe, nikawafuata majumbani. Mama mwenye nyumba kakaa kochi lile, binti kasimama mlangoni, namuuliza, "Unaionaje?" Akasema nzuri. Wa pili nzuri. Wa tano nzuri. Nilikuwa nimepanga sini ileile niliyokuwa naihesabu, nani amekaa na nani amesimama, na mimi nimo ndani nanywa chai.

Nikaanza upya Jumapili mchana, watu wametoka kanisani, wanne wamekaa kwenye ngazi, laptopu magotini mwangu. Dakika ya kwanza walicheka. "Huyo anaosha vyombo hajakunja mikono ya gauni! Na kucha hizo!" Wa Makete akauliza hiyo lafudhi ni ya kijiji gani, aende akaisikie. Kupiga magoti hakuna aliyekutaja. Sukari ya kuiba waliicheka tu.

Filamu ilipoisha, mdogo kuliko wote, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Huyu dada hana kwao." Nikamuuliza ana maana gani. "Toka ameanza mpaka amefukuzwa hajapiga simu nyumbani hata siku moja. Hajatuma hela. Hata mshahara sijaona anapewa. Mimi nikipokea tu, mama ameshapiga."

Usiku ule nilifungua karatasi yangu ya kuhesabia. Safu ya simu haikuwemo, wala ya mshahara. Nikachora mbili mpya, nikarudisha filamu ya kwanza mwanzo.