Kasa katoka kwa jarife hatikisiki, nimrudishe majini?

SWALI: Mimi ni mvuvi hapa Mayungu, Malindi. Juzi alfajiri tulipovuta jarife tulikuta kasa amenasa, amelegea kabisa, nikamrudisha majini upesi apate pumzi. Jana bahari imemtupa ufuoni, amekufa. Nilikosea wapi?

JIBU: Pole sana kaka, ulitaka kumwokoa na wengi wangefanya hivyohivyo. Lakini kasa si samaki, anapumua kwa mapafu kama wewe na mimi, akinaswa chini muda mrefu anakunywa maji na kuzimia, sasa ukimrudisha kabla hajazinduka anazama tena na hana nguvu ya kuja juu kuvuta hewa.

Siku nyingine usiamini haraka kwamba amekufa. Mlaze kifudifudi (usimwache chali kabisa, matumbo yanakandamiza mapafu), inua upande wa nyuma inchi 6 hivi uweke hata boya chini yake ili maji yatoke, muweke kivulini na umfunike gunia lililoloa, ila pua iwe wazi. Usimtie kwenye beseni la maji. Kila baada ya masaa matatu hivi mguse taratibu kando ya jicho au mfinye mkia uone kama anashtuka. Anaweza kuchukua hadi masaa 24 kuzinduka, najua mvuvi ana haraka ya kupeleka samaki sokoni lakini mvumilie jamani, kasa anachukua miaka mingi mno mpaka aanze kutaga.

Kwenu huko msaada si mbali. Wapigie KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) au Local Ocean Conservation pale Watamu, hawa wana kliniki ya kasa na tangu 1998 wanapokea kasa walionaswa na wavuvi, wanawapima, wanawafunga kibati cha namba kwenye pezi halafu wanawaachia, na mvuvi anapewa kitu kidogo cha muda wake. Ukiona kasa anaelea tu anashindwa kupiga mbizi, huyo pia waite, mara nyingi tumbo limejaa gesi na hata plastiki, kumsukuma kilindini hakumsaidii.

Na huyo wa jana kama bado hamjamzika wapigie leo, waangalie kama ana kibati, wampasue tumbo waone alikuwa amekula nini.